Geuza Ubao

Jumatatu hadi Ijumaa kazi yangu ni kufundisha watu kuendesha gari polepole. Nina wanafunzi pale Nzuguni, wengi watu wazima wa maofisini, na kutwa nzima nawaambia: punguza mwendo, tazama kioo, usipige honi bila sababu. Siku ya mashindano navaa helmeti, nakaa kushoto kwa Sila, na kumpigia kelele aongeze moto. Wanafunzi wangu wangenisikia siku hiyo wangehama chuo.

Sila ni fundi mwenye gereji yake Kizota, na kwenye usukani bado sijaona wa kumfikia. Mimi ni msoma ramani wake. Dereva wa rali haendeshi kwa macho yake tu. Kabla ya mashindano tunaipita njia yote taratibu, naandika kila kona na namba yake, moja ikiwa kali kuliko zote, kila tuta, kila korongo, halafu siku yenyewe namsomea kona kabla hajaiona. Yeye anaamini sauti yangu na kukanyaga mafuta. Ndiyo maana nina mdomo mkubwa, ndio unaonilisha.

Tatizo la Sila ni hasira. Mwezi wa tano, Hashimu, dereva wa Kondoa, alimbania njia kwenye vumbi. Kwetu kuna kanuni kila mtu anaijua: gari la nyuma likikufikia likapiga honi, unasogea pembeni lipite, maana aliyeko nyuma haoni kitu. Hashimu hakusogea, sisi tukapanda kichuguu na mashindano yetu yakaishia hapo. Jioni Sila akapanda juu ya boneti ya Hashimu na kukipiga kioo mateke mpaka kikapasuka, huku watu wanarekodi. Kesho yake nchi nzima ilikuwa inamwita Sila Kioo. Kamati ikamwambia neno moja tu: akirusha tena mkono au mguu, leseni yake ya mashindano inafungiwa, na asahau rali.

Siku ile nilimpa mkataba wangu. "Sila, mdogo wangu, siku ukipandisha hasira ndani ya gari, mimi nafunga mdomo. Utaendesha kipofu." Akacheka. Alidhani namtania, kwa vile mimi ni Mrangi na yeye ni Mgogo, na kutwa tunachokozana.

Basi tukafika hatua ya mwisho ya msimu, njia ya vumbi jekundu inayoishia karibu na Kongwa, na mambo yalikuwa hivi: tulikuwa tunaongoza! Sisi, na gari lililounganishwa Kizota kwa vipuri vya magari matatu! Dereva wa pili, Yoramu, alikuwa nyuma yetu kwa dakika moja na sekunde chache za muda wa jumla. Hashimu alikuwa wa tatu, pancha ya asubuhi imemharibia, lakini katika kupanga foleni yeye ndiye aliyetangulia kuondoka, sisi tukafuata, Yoramu nyuma yetu, kila gari dakika moja baada ya lililotangulia. Tukimaliza hatua hii bila kupitwa muda, Sila ni bingwa kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nilianza kuimba kabla hata hatujafunga mikanda.

"Kioo! Kioo! Leo unavunja cha nani?" watazamaji wakapiga kelele pale tulipoanzia.

"Wasalimie," nikamwambia. Akawapungia mkono, meno nje, na bendera ikashuka.

Mungu wangu, tulipaa! "Kulia nne, mita mia, tuta, kushoto tano, fungua, fungua!" Gari lilikuwa linaimba. Miiba ilikwaruza milango, ng'ombe wa mbali wakainua vichwa, na Sila alikuwa anaingia kwenye kona kana kwamba anaingia sebuleni kwake. Mimi nilikuwa nasoma huku nacheka. Hakuna raha duniani kama hiyo, na asiyenielewa aje nimpakie siku moja.

Kisha tukaingia kwenye vumbi la Hashimu. Tulikuwa tumemfikia.

Sila akapiga honi. Tukaona taa nyekundu za nyuma, zikapotea, zikaonekana tena. Akapiga honi ndefu. Hashimu akahamia katikati ya njia, makusudi kabisa, mtu mwenye pancha ambaye hana tena cha kushinda!

"Umeona?" Sila akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mrangi mwenzako ananifanyia tena."

"Kushoto tatu, mita hamsini. Achana naye."

"Namgonga nyuma. Leo namgonga, haki ya Mungu."

Akakanyaga mafuta. Nikafunga daftari. Nikafunga na mdomo.

"Mwamvua, soma."

Kimya.

"Mwamvua! Soma, tutakufa!"

Niliuma midomo. Niliogopa kuliko yeye, maana mimi nilijua mbele kuna nini na yeye hajui. Akapiga usukani kwa kiganja, akatukana kwa Kigogo, kisha mguu wake ukainuka kutoka kwenye mafuta, gari likatulia, na nikasikia anavuta pumzi.

"Samahani, dada. Nimepoa."

"Kulia mbili inabana, korongo, usikate," nikasema haraka haraka, na tukaingia kwenye kona mwendo wa mtu anayekwenda kanisani. Vumbi likapungua kidogo. Gari la Hashimu lilikuwa limelala ubavu kwenye ukingo wa korongo, magurudumu bado yanazunguka, limeziba nusu ya njia. Kama tungekuja na hasira tungewakanyaga.

Sila akafunga breki. Kanuni ya rali haina mjadala: ukikuta wenzako wameanguka na hawajaonesha ubao, unasimama. Kila gari lina ubao huo, upande mmoja OK ya kijani, upande wa pili SOS ya nyekundu. Kijani maana yake tuko wazima, pita. Nyekundu maana yake kuna mtu ameumia: kila anayefuata anasimama, hatua inafutwa, na matokeo yanabaki yale ya hatua iliyotangulia. Ukisimama ukawakuta wazima, unaondoka zako, na muda uliopoteza umepotea.

Tukaruka nje. Msoma ramani wa Hashimu, Msafiri, alikuwa ameshatoka kupitia dirisha la juu, ameshika bega. Sila akamvuta Hashimu kwa mikono miwili mpaka akasimama chini.

Na Hashimu, ambaye ni mpole hata akiagiza chai, akamchapa Sila kofi ambalo nililisikia ndani ya helmeti.

"Umenisukuma! Umenisukuma wewe, mshenzi!"

"Hakutugusa," Msafiri akasema. "Hashimu, hakutugusa, kona umeikosa mwenyewe."

Watazamaji watano sita walikuwa wanashuka mlimani mbio, simu zimeinuliwa. Nilimtazama Sila. Shavu lilikuwa linawaka, ngumi ya kulia imekunjwa, na mshipa wa shingo umesimama. Nikasema moyoni, basi, kwaheri leseni. Na kusema kweli damu yangu mimi ndiyo iliyochemka zaidi. Nilivua helmeti nikaishika kwa mkanda wake, nikamfuata Hashimu nimpasue nayo.

Sila akanidaka mkono.

"Ubao," akasema. Ngumi yake ilikuwa imefunguka. "Mwamvua, Yoramu anakuja. Haoni kitu kwenye vumbi hili. Kimbia na ubao!"

Nikausikia mlio kweli, mbali, unapanda na kushuka. Nikanyofoa ubao wetu kwenye gari, nikakimbia kurudi nyuma tulikotoka. Nyuma yangu nilimsikia Sila anauliza, "Kaka Msafiri, tuite daktari?" na Msafiri anajibu, "Bega limegongwa tu. Niko mzima. Niko mzima kabisa."

Nilisimama kwenye kona, vumbi puani, mlio unakaribia, na ndipo ubao ukawa mzito mkononi.

Kijani, na Yoramu anapita, na sisi tumesimama hapa, na ubingwa ni wake. Nyekundu, na Yoramu anasimama, hatua inafutwa, na sisi ndio tulioongoza hatua iliyotangulia. Sila ni bingwa. Na lile bega la Msafiri? Bega ni bega! Nani angenilaumu? Mwanamke mmoja kwenye vumbi, ameona mtu ameshika bega, akaogopa. Hata ukinipeleka kwenye kamati mara mia, ningeshinda mara mia. Na yule Hashimu aliyetubania, aliyempiga mtu aliyemtoa kwenye gari, ndiye atupokonye ubingwa? Hapana. Hapana!

Nikainua ubao juu ya kichwa. Nyekundu mbele.

"Mwamvua!"

Sila alikuwa amenifuata mbio. Alisimama hatua chache kutoka kwangu, shavu limevimba, anahema.

"Geuza ubao."

"Sila, bega la Msafiri..."

"Msafiri amesema ni mzima. Geuza."

"Ni ubingwa wako, mjinga wewe!"

"Najua ni wangu," akasema. "Geuza, dada."

Taa za Yoramu zikachomoza kwenye vumbi. Nikageuza ubao. Yoramu alikuwa ameshaanza kukanyaga breki. Akaona kijani, akaniinulia kidole gumba, Sila akamwelekeza kwa mikono upande uliobaki wazi, na gari likatupita na kuturushia mchanga midomoni. Nililia palepale. Nililia kwa hasira, machozi na vumbi yakawa tope usoni.

"Unalia nini? Una mdomo au huna?" Sila alikuwa ameshaanza kukimbilia gari letu. "Twende tukamkamate!"

Tukakimbia! Mikanda niliifunga gari likiwa limeshaondoka. Nilisoma zile kona za mwisho sijawahi kusoma hivyo, sauti imekauka, nikipiga dashibodi kwa ngumi: "Kushoto tano, fungua! Tuta, ruka! Kulia nne, usiinue mguu, usiinue, usiinue!" Hakuinua. Kwenye tuta magurudumu yote manne yaliiacha ardhi, na nilimsikia Sila anapiga vigelegele kama bibi harusi kaingia ukumbini. Tulivuka mstari na kusimama kwenye kundi la watu waliokuwa wanaruka, na kwa kitambo kidogo nikaamini tumepata.

Tulikosa kwa sekunde mbili.

Mzee Batholomeo, msimamizi mkuu, alikuwa anatusubiri na kalamu yake. Msimu mzima alikuwa anamfuata Sila hivyo, akisubiri alipuke. Simu zikainuliwa pande zote. Watu walikuwa wameshasikia habari ya kofi, na waliokuja kuona boneti ikipandwa walikuwa wamejipanga mbele.

Sila akashuka. Akavua helmeti, akaiweka juu ya boneti taratibu, akaenda kwa Yoramu akamkumbatia mpaka miguu ya Yoramu ikaning'inia. "Hongera, bingwa," akamwambia. "Ila zile breki zako, njoo Kizota nizitazame, zinalia."

Mimi nilishuka nikaipiga helmeti yangu chini. Ikadunda, ikaruka, ikatua katikati ya kreti ya soda za wageni rasmi.

Mzee Batholomeo akageuka polepole, akatazama soda, akanitazama mimi.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Jina lako kamili?" Na kalamu yake, baada ya msimu mzima wa kumsubiri Sila, ikaandika onyo la kwanza la timu yetu tangu siku ile ya kioo. Lilikuwa langu. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Gari la Hashimu lilivutwa likafika wakati zawadi zinatolewa. Yeye mwenyewe alikuja kwa miguu moja kwa moja hadi kwa mzee Batholomeo. "Nilimbania njia, na nimempiga kofi," akasema mbele ya watu wote. "Yeye alikuwa ananitoa kwenye gari. Andika." Kisha akamgeukia Sila, akainamisha kichwa.

Sila akalitazama gari lile lililopondeka. "Kioo kimepasuka tena," akasema. "Safari hii sikukigusa mimi. Lete Jumatatu."

Hashimu akacheka na kulia kwa pamoja. Mimi sikucheka. Bado nilikuwa na donge langu.

Tukaondoka kurudi Dodoma, na njia nzima nilikuwa nasema. Nilisema kuhusu Hashimu na bega, kuhusu sekunde mbili, kuhusu kamati, kuhusu watu wema wanaoonewa, kuhusu Wagogo na ujinga wao wa kugeuza mbao. Nilikuwa nimefikia kumsema babu yake, ndipo Sila akawasha indiketa, akatoa gari pembeni ya lami na kuzima injini.

"Kuna nini?" nikauliza.

Kimya. Alikunja mikono, akatazama mbele.

"Sila, gari limeharibika?"

Kimya tena. Malori yalitupita, gari likatikisika. Ndipo nikaelewa. Mkataba wangu mwenyewe! Nikataka kutukana, nikaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio kabla sijakizuia.

"Basi," nikasema. "Nimepoa."

Hakuwasha gari. Lile shavu lilikuwa limekuwa jeusi.

"Nilikuwa nautaka kuliko wewe, Mwamvua," akasema. "Kuliko wewe mara kumi."

"Najua."

"Basi nisomee njia. Mimi bado sijapoa."

Nikajifuta uso kwa mkono wa ovaroli. Barabara ya Dodoma ilikuwa mbele yetu, lami nyoofu ambayo hata wanafunzi wangu wanaiweza.

"Nyoofu," nikamsomea. "Nyoofu. Taratibu. Nyoofu mpaka nyumbani."