Nyota ya Alhamisi

Watu wanaoogopa makaburi ya Lukole, iliyokuwa kambi ya wakimbizi, huwa nawacheka. Wakimbizi waliondoka, miti ikaota, na juu ya kilima tukafunga kamera inayopiga picha za anga pana kwa rangi tatu: bluu, kijani na nyekundu. Mimi huzikagua mchana. Sayari ikipita mbele ya nyota yake, mwanga hupungua kidogo, kwa kiasi kilekile katika rangi zote, halafu hurudi.

Nyota moja ya magharibi ilipungua kila baada ya siku saba. Furaha ilinijaa. Sayari imegunduliwa na mimi, Diane, binti wa mkimbizi aliyebaki! Nikakimbilia kumwambia bosi.

Kisha nikatazama rangi vizuri. Bluu ilipungua zaidi kuliko nyekundu, na nyota za jirani nazo zilififia. Tena Alhamisi tu, na nyota haijui Alhamisi. Huo ulikuwa moshi. Bosi alisema moshi ukiendelea kamera itahamishwa, na kazi yangu itaondoka nayo. Nikapandwa na hasira. Mchoma mkaa gani huyu?

Alhamisi iliyofuata, jua likikaribia kuzama, nilishika njia ya makaburini, upande wa magharibi moshi ulikotokea. Nikamkuta mama yangu, Speciose, anapanga kuni kwenye mafiga. Kando yake kulikuwa na sufuria ya uji na kikombe cha mtoto.

"Shikamoo mama. Unampikia nani?"

"Marahaba. Aron."

Aron ni kaka yangu. Alifia kambini kabla sijazaliwa, na nyumbani hatajwi.

"Alikuwa analia njaa," mama alisema. "Nikamwambia avumilie, uji unakaribia kuiva. Haukumuwahi. Ilikuwa Alhamisi."

"Na huu uji anakunywa nani?"

"Nikirudi kesho yake nakuta kikombe kitupu."

"Ni wanyama, mama."

"Labda. Lakini huwa kimefunikwa vilevile nilivyokiacha."

Niliogopa, sifichi. Hata hivyo nikamweleza yote: moshi, kamera, kazi yangu inayotulisha sisi wawili. Nikamwomba apikie nyumbani. Alinisikiliza hadi mwisho, akaweka kiberiti chini.

"Sawa mwanangu, nitaacha. Ila yeye nimwambie nini?"

Upepo ulikuwa umetulia, na mama alikuwa anatazama nyuma yangu, kama mtu anayemsubiri mwingine afike. Sikugeuka. Nilipiga magoti, nikaokota kiberiti, nikauwasha moto mwenyewe na kuupuliza mpaka ukashika.