Simu Iliyoniitikia Kila Kitu

Binti yangu aliniachia mjukuu wa miezi kumi, akaenda kazini mbali. Mtoto akabanwa na mafua, anakoroma kama mtu mzima. Nilikuwa na kopo la dawa ya kuchua yenye kafuri, nikaiuliza simu yangu, ile inayojibu maswali: "Dawa hii inamsaidia mtoto mwenye mafua?" Ikajibu upesi kwamba ndiyo, inafungua pua. Nikachovya kidole.

Moyo ukasita. Nikaiuliza upande wa pili: "Inaweza kumdhuru?" Ikajibu upesi vilevile kwamba ndiyo, inaweza kumbana pumzi.

Nikampigia binti yangu.

"Mama, nipo kazini. Iulize tu simu."

"Nimeiuliza, mwanangu. Inaniitikia kila kitu, kama mgeni anayengoja chakula."

Akacheka, akakata.

Marehemu mume wangu, nikimwuliza jambo, alikuwa akikuna kidevu na kusema, "Sijui, mama watoto. Twende tukaulize." Nyumbani sasa hakuna wa kuniambia hivyo.

Nikafuta kidole, nikambeba mtoto hadi duka la dawa. Muuzaji akasoma kopo. "Usimpake, bibi. Hajafika miaka miwili. Mpeleke zahanati."

Tukaenda, nikimsimulia mtoto kila tulichokipita njiani, maana sikuwa na mwingine wa kumsimulia.