Jibu Lisilo na Vina

Tra-ta-ta-ta, kisha kimya. Hata kabla sijakunja kona ya duka letu nilijua ni cherehani ya Fundi. Ilikuwa na kikohozi chake: ilikoroma ikianza, ikachapa mbio, ikakata ghafla kama mtu aliyekumbuka jambo. Jumatatu ile ilikata niliposema, "Shikamoo, Fundi."

"Marahaba," alijibu, macho kwenye kitambaa. Hakuanza tena mpaka nilipoketi.

Fundi ndiye aliyenifundisha kushona. Nilikuja kwake sijui hata kutia uzi sindanoni, na miaka sita baadaye nilikuwa nakata suruali bila kupima mara mbili. Mashairi nilijifundisha mwenyewe, na kwa hilo nilijiona jogoo ambaye asipowika hakuchi. Kila Jumamosi jioni kanisa letu lilifanya mkutano wa injili uwanjani nyuma ya duka, nami nilipewa dakika kumi za kughani. Watu walipiga makofi. Kila kofi nililihesabu kuwa roho iliyookoka.

Jumatano iliyotangulia tulikuwa wawili tu dukani. Fundi alikuwa akikata koti, na bila kuinua mkasi akaniuliza, "Huyo Yesu wako, anamsamehe hata mtu aliyeitwa na kaka yake mara tatu, kaka yuko mahututi, asiende?"

"Nani huyo?"

"Mimi. Nilisema nina suti ya harusi ya kumaliza. Wakamzika, suti ingali mezani. Hata mke wangu hajui. Anadhani habari zilinifikia zimechelewa."

Jibu lilikuwa neno moja, na lilikuwa ulimini. Lakini vidole vyangu vilikuwa vimeshaanza kuhesabu mizani chini ya meza.

"Njoo mkutanoni Jumamosi," nikamwambia. "Utajibiwa."

Akaja. Hilo ndilo linalonikereketa mpaka leo. Miaka sita namwalika anacheka tu, na siku hiyo alikuja, na shati alilolipiga pasi mwenyewe, na mkewe ubavuni. Akasimama karibu kabisa na spika ili asipitwe na neno. Nikapanda jukwaani, nikakohoa, nikaghani:

*Nduguyo alikuita, ukasema u kazini,*
*Sindano ukaivuta, yeye yuko kitandani,*
*Mara tatu ukasita, sasa yumo kaburini,*
*Utalia na kujuta, moto uko mlangoni!*

Sikumtaja jina, lakini mtaa wetu una fundi suti mmoja. Uwanja ukalipuka kwa makofi na "Amina!" Mkewe alimgeukia, akamtazama kama anayemwona mara ya kwanza. Fundi alivua kofia, akaivaa tena, akaondoka katikati ya makofi yangu. Nilimwona akienda. Watu wakapiga kelele, "Rudia! Rudia!" Nami nikarudia.

Basi Jumatatu hiyo, tukiwa kazini, akapita mama muuza vifungo, ambaye ulimi wake unakata kuliko mkasi.

"Mhubiri! Leo zamu ya nani kuanikwa? Mimi niliiba sukari ya bibi yangu utotoni, nikuletee uitie vina?"

"Dada, neno la Mungu halimwonei mtu haya," nikamjibu kwa ukali.

"La Mungu au lako?" Akaenda zake na sinia lake.

Fundi hakucheka. Siku tatu alinipa maneno ya kazi tu: nipe chaki, kunja pindo, zima pasi. Alhamisi hakuja. Cherehani yake ilikaa imefunikwa shuka, nami sikuweza kushona mshono ulionyooka. Jioni nikafunga duka, nikaenda kwake.

Mkewe alifungua mlango. "Pita, yuko uani. Tumeongea siku tatu, tangu msiba hatujaongea hivyo. Na usijipe sifa, si kwa wema wako."

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda, mikono mitupu magotini. Sikuwahi kuiona mikono ile bila kitambaa.

"Nimekuja kuomba radhi, Fundi. Siri yako niliigeuza wimbo."

"Uliniahidi jibu," alisema. "Nilisikia swali langu likipigiwa makofi. Jibu sikulisikia."

"Anasamehe," nikasema. "Ndilo jibu. Anasamehe."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

"Na Jumatano ulikuwa nalo?"

"Nilikuwa nalo."

"Sasa kwa nini hukunipa, mwanangu?"

Ningeweza kudanganya. "Niliona ni fupi. Halikuwa na vina."

Alicheka, kicheko kikavu kisichofika machoni. "Jumatano ningeliamini. Leo nasikia kijana aliyebanwa anaomba radhi, basi. Sijui kama nitaliamini tena."

Kuku alipita kati yetu, akadonoa, akaenda.

"Jumamosi nakwenda kwenye kaburi la kaka," Fundi akasema. "Sijawahi kufika. Nasikia majani yamelifunika. Ni safari ya kutwa, na mgongo wangu unaujua. Nataka mtu wa kushika jembe. Mhubiri sitaki."

"Jumamosi ana mkutano huyo," mkewe akatupia kutoka mlangoni. "Watu watampigia nani makofi?"

Nikasimama. Nilisema kwa sauti, wasikie wote wawili.

"Nitakuja, Fundi. Alfajiri utanikuta mlangoni na jembe langu. Ukiniuliza, nitakujibu neno lilelile moja. Usiponiuliza, nitapalilia."