Mama Yake Mfichuzi

Kaka yangu ni mwongo. Sisemi hivyo kwa hasira, ingawa hasira ninayo, tena ya kutosha mtaa mzima. Nasema kwa sababu mimi ndiye fundi mitambo wake. Kila asubuhi nakaa upande huu wa kioo, yeye upande ule, namfungulia kipaza sauti ili awadanganye watu wazima wenye akili zao.

Alianza kwa kusoma matangazo ya vifo redioni, na hata hayo aliyaharibu. Kuna siku alimtangaza marehemu mtu aliyekuwa sokoni akichagua vitunguu. Wangemfukuza, lakini siku moja umeme ukakatika katikati ya tangazo. Jenereta ilipowaka akasema, ili tu aondoe ukimya: "Umeme haukatiki hivihivi, ndugu msikilizaji. Jiulize, nani hataki usikie?" Lo! Simu zilimiminika. Bosi akatoka ofisini na kikombe chake cha chai kuja kumtazama. Haukupita muda kaka akapewa kipindi, "Fumbua Macho," na akajibandika jina mwenyewe: Mfichuzi.

Tangu hapo amefichua kila kitu isipokuwa ujinga wake. Minara ya simu inasoma ndoto. Maji ya bomba yametiwa kitu cha kutusahaulisha. Nguzo za taa barabarani zimepindishwa makusudi, zinatuchungulia. Siku akikosa la kusema huuliza tu, "Kwa nini?" kisha hunyamaza, na watu wazima na ndevu zao wanapiga simu kumjibu. Akibanwa atoe ushahidi, husema ana mtu wake ndani. Ndani ya wapi, hajawahi kusema.

Sasa kuhusu vidonge. Tajiri mmoja muuza dawa ya unga wa mizizi alipoanza kudhamini kipindi, kaka akagundua ghafla kwamba vidonge vya presha vimeletwa ili kutupunguza. Alilisema hilo bila haya, na yeye mwenyewe ana presha. Sote wawili tumeirithi kwa mama. Vidonge vyake huvimeza chooni kabla ya kuingia hewani, akafuta mdomo, akaja kuwakataza wenzake. Nilimwambia, "Kaka, mama anasikiliza."

Akacheka. "Mama ananijua, bwana. Anajua hii ni kazi."

Mama hakujua ni kazi. Mama alifua nguo za watu mpaka mgongo ukamkatika ili huyu asome, na siku aliposikia sauti yake redioni aliona amelipwa. Kwake redio ikisema, imesema. Akaacha dawa kimyakimya. Vidonge alikuwa akivipokea mkononi mwangu, anakunywa maji, kisha nikigeuka anavitema kwenye chungu cha maua. Tulikuja kujua siku mdomo ulipompinda akiwa anakunja nguo, na mkono wa kushoto ukagoma.

Daktari hakuzungusha maneno. Hicho kilikuwa kiharusi kidogo, alisema. Asipomeza dawa, kinachofuata kitaondoka naye. Kaka alilia kwenye korido mpaka muuguzi akamletea kiti. Kisha akaingia wodini, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, meza dawa. Yale ya redioni si kweli."

Mama akamshika shavu kwa mkono ule mzima. "Unanionea huruma tu, baba. Hapa unanibembeleza. Kule ulisema mbele za watu."

"Mama, niliyatunga!"

"Basi kaseme hukohuko nikusikie."

Siku mama aliporudi nyumbani kwangu nilimwambia kaka, "Kesho utasema, la sivyo mitambo nitaizima." Akaapa, "Nasema. Haki ya Mungu nasema."

Na alisema, nisimnyime haki yake. Jirani alikuwa amekaa na mama, redio iko kando ya mto wa kulalia. Kaka hakutaka hata muziki wa kufungulia kipindi. "Ndugu zangu," akasema, sauti inatetemeka, "kuhusu vidonge vya presha nilisema nisichokijua. Aliyeandikiwa na daktari ameze. Ameze leo." Nilishusha pumzi. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile nilikaa nyuma ya kioo bila kuona aibu.

Taa za simu zikawaka zote. Wa kwanza alikuwa fundi viatu anayepiga kila siku. "Mfichuzi, hiyo siyo sauti yako. Uko na nani humo?"

"Niko peke yangu, ndugu yangu. Mimi na fundi mitambo."

"Ahaa! Kwa hiyo kuna mtu amekusimamia."

Mwanamke mmoja akapiga akilia. Baada yake akaja mwanamume mwenye sauti ya upole. "Sisi tunakupenda, Mfichuzi. Kama umegeuka mwenyewe, tunahama leoleo. Lakini kama wamekushika, we kohoa tu. Tutaelewa."

Kwenye meza ya mtangazaji kuna kitufe cha kukohoa. Ukikibonyeza, kipaza sauti kinakatika mpaka ukiachie, watu wasisikie koo lako. Kidole cha kaka hakitoki pale. Miaka yote hiyo sijawahi kumsikia hewani hata akisafisha koo. Alinitazama kupitia kioo. Nikatikisa kichwa: usithubutu. Akaondoa kidole kwenye kitufe, akainamia kipaza sauti, akakohoa.

Niliweka muziki, nikaingia upande wake wa kioo. "Mshenzi we! Mama anasikiliza!"

"Ni koo tu," akasema, macho yako kwenye taa za simu. "Kesho nitarekebisha. Lakini umeona wanavyopiga?"

Nilitoka mbio mpaka nyumbani. Jirani alikuwa mlangoni. "Alikuwa ameshavishika mkononi," akasema. "Sasa hataki hata kuviona."

Mama alikuwa amekaa wima kitandani, redio mapajani. Nikampelekea glasi ya maji. "Mama, si umemsikia mwenyewe? Kasema umeze."

"Nimemsikia." Machozi yalikuwa yanamtoka, na uso wake ulikuwa na fahari kiasi kwamba nilishindwa kuutazama. "Masikini mwanangu. Mwambie nimesikia alivyokohoa. Mwambie mama yake hatamwangusha."