Mikono ya Royce Tidwell

Katika mji wa Ansley Flat kila mtu aliujua ugonjwa wa timu ya mpira wa Kimarekani ya shule yao, na kila mtu alikuwa na dawa yake. Timu haikuwa na wapokeaji. Kukimbia na mpira walijua. Waliubeba kifuani na kusukumana nao yadi baada ya yadi, kama watu wanaosukuma lori lililokwama kwenye tope. Lakini kuurusha mbali, mtu akaufuate hewani na kuudaka, hilo liliwashinda. Mpokeaji mmoja alihamia Lubbock na wazazi wake kabla shule hazijafunguliwa. Mwingine alivunjika mguu mazoezini. Akabaki Royce Tidwell peke yake, mrefu, mwepesi, mwenye viganja vipana kama vya baba yake, na hata huyo mpira ulikuwa haumfikii.

Jumamosi asubuhi wanaume wa mji walijaa kwenye mkahawa ulio ndani ya kituo cha mafuta, kama ilivyo ada kila baada ya mchezo wa Ijumaa, na kesi ikasikilizwa upya. Mshtakiwa alikuwa Abel Quintanilla, mrushaji. Royce alikuwa amekaa na baba yake, sahani ya soseji na mayai mbele yake, akisikiliza bila kugeuka.

"Yule kijana anaukumbatia mpira kama bahili na kibubu chake," alisema Hoyt, mwendesha mitambo wa kiwanda cha kuchambua pamba. "Ukimwambia aurushe, utadhani umemwomba figo."

"Na Royce alikuwa wazi," mwingine akadakia. "Mama yangu ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na yeye alimwona."

Wakacheka. Wendell Tidwell, baba yake Royce, hakucheka. Yeye aliwahi kuwa mpokeaji wa timu hiyo hiyo, na picha yake ingali ukutani kwa kinyozi, yuko hewani, mpira umeganda kwenye ncha za vidole vyake. Alisema taratibu kwamba Ijumaa ijayo atakuja kocha wa chuo kimoja cha Abilene kumtazama mwanawe, na mtu haendeshi gari mwendo wote ule kuja kutazama kijana akikimbia bure. Wenzake wakaitikia kwa vichwa, kisha wakarudi kumchambua Abel kwa sauti ya chini.

Royce alikinyanyua kikombe kwa mikono miwili huku akivitazama vidole vyake. Siku hizi ndivyo alivyoshika vitu, kwa macho.

Hali hiyo ilimwanza Septemba. Alikuwa ameudaka mpira katikati ya uwanja na kuinamisha kichwa, beki akamjia kwa kasi, helmeti ikagongana na helmeti. Umeme ukamshuka kutoka shingoni hadi kwenye kucha. Hakuna mchezaji wa Ansley Flat ambaye hajawahi kupigwa na umeme huo. Unakung'uta mkono, unatema mate, unarudi uwanjani, na anayelalamika huulizwa kama aletewe sketi. Royce akaukung'uta. Umeme ukaondoka, ganzi ikabaki kwenye vidole vya mkono wa kulia. Mchezo uliofuata akagongwa tena, kidogo tu, na mkono wa kushoto ukamfuata mwenzake.

Hakumwambia mtu. Alijua kitakachotokea. Mtabibu wa timu, Bi Nolene Ware, mwanamke mnene aliyetafuna ubani mchezo mzima, alikuwa na njia moja tu ya kumzuia mchezaji aliyeumia: alimnyang'anya helmeti. Bila helmeti huingii uwanjani, na helmeti ikishakuwa kwa Bi Nolene hata kocha hathubutu kuiomba. Mwanzoni mwa msimu alimnyang'anya Dusty Kemp, aliyepigwa kichwani akaanza kuuliza leo ni siku gani. Dusty aliitafuta chini ya mabenchi yote huku akilia kama mtoto, na muda wote huo Bi Nolene alikuwa ameketi juu ya sanduku la barafu, na helmeti imo ndani. Dusty hakurudi tena msimu ule.

Abel ndiye aliyegundua, na hakugundulia uwanjani. Ilikuwa Jumapili moja, wiki mbili kabla ya asubuhi ile ya mkahawani, jikoni kwa bibi yake, vichapati vya tortila vinaiva. Bibi alitaka nafasi kwenye jiko, na Royce, mtoto wa nyumba ile tangu darasa la kwanza, akakisogeza kikaango cha chuma kwa mkono mtupu. Akakishika huku anaongea. Akaendelea kuongea. Abel akasikia harufu.

Alimvuta hadi uani, penye mbwa na matairi ya zamani.

"Tangu lini?"

"Septemba."

"Mwambie Bi Nolene."

"Atachukua helmeti."

"Si ndiyo kazi yake, mjinga wewe?"

Royce akamwapisha. Alimwambia umebaki mwezi mmoja tu, kwamba Abilene wanakuja, kwamba baba yake hazungumzi kingine mezani. Abel aliapa huku macho yake yako kwenye kidole kilichoungua, ambacho tayari kilikuwa kimeanza kutoa lengelenge na ambacho Royce mwenyewe alikuwa akijikuna nacho shavu.

Tangu siku hiyo mpira haukuja tena upande wa Royce. Alikimbia, akamwacha beki nyuma, akageuka akiwa peke yake kwenye majani, na kila mara alimkuta Abel akiukabidhi mpira kwa mkimbiaji au akikubali kuangushwa nao. Ndipo mji ukaanza kuzungumza.

Alhamisi baada ya mazoezi Royce alimfuata kwenye gari lake bovu.

"Kesho nirushie."

"Hapana."

"Uliniahidi, Abel."

"Niliahidi sitasema. Sikuahidi kukurushia." Abel alikuwa akikwangua tope kwenye kiatu kwa funguo, hakuinua kichwa. "Ukiwa wazi, wewe unautazama mpira. Mimi ndiye ninayemwona mtu anayekujia nyuma. Nirushe, udake, halafu nimtazame akikufikia?"

"Wanakutukana mji mzima."

"Nina masikio, ndugu yangu. Hata mama anataka kunipeleka kupimwa miwani."

Royce alisubiri yeye mwenyewe aone aibu, au hasira, au angalau acheke. Hakikuja kitu. Ilikuwa kama kubonyeza swichi wakati umeme umekatika. Kidole kinafanya kazi yake, chumba kinabaki vilevile. Alimwambia haya, tutaonana kesho, akaenda nyumbani akala kuku aliyepikwa na mama yake bila kujua kama ana chumvi.

Ijumaa jua lilizama nyuma ya maghala ya pamba na taa za uwanja zikawashwa. Upepo ulikuwa ukipeperusha harufu ya vitunguu vya kukaanga. Wendell alikuwa jukwaani, ameketi na mgeni wa Abilene, mtu mfupi mwenye kofia nyeupe, na tayari walikuwa wakizungumza kama waliosoma pamoja.

Wageni, timu ya Tulven, walikuja wakiijua habari. Walijaza watu wao mbele kama ukuta, nyuma wakamwacha beki mmoja, jitu lenye shingo nene kuliko kichwa. Maana yake ilieleweka hadi kwa watoto: rusheni basi, kama mnaweza. Abel hakurusha. Aliukabidhi mpira, mkimbiaji akagonga ukuta. Akaukabidhi tena. Mara mbili Royce alibaki peke yake upande wa jukwaa la nyumbani, na sauti ya mtu mzima ikatoka juu: "Abel! Mwenzio yuko huku! Ana mikono miwili!" Watu wakacheka kicheko kisicho na furaha. Mama yake Abel alikuwa katikati ya kicheko hicho, amejifunika blanketi magotini, akitazama mbele.

Wakati wa mapumziko Tulven walikuwa wanaongoza. Kocha Stovall hakuwa mtu wa kelele. Alisimama mbele ya vijana wake akiwa amechoka, akasema kwamba amepanga mpira wa kurushwa na haurushwi, na yeye hajui afanye nini zaidi. Abel atakaa. Kip Landry, kijana wa darasa la chini, ataingia. Akamwambia Kip asihangaike na mengine, amtafute Tidwell tu. Kisha akamgeukia Abel mbele ya wote.

"Mwanangu, kama una sababu, nipe sasa hivi. Una la kusema?"

Abel alimtazama Royce mara moja tu, kama mtu anayetazama saa.

"Sina, kocha."

Wengine wakaguna. Mmoja wa wachezaji wa safu ya mbele akasema chinichini kwamba hata kuku hujitetea. Royce alikuwa amekaa kwenye benchi, helmeti mapajani, akiona vidole vyake juu yake kama vidole vya mtu aliyelala. Alijua kwamba hapa ndipo mtu husimama. Hakusimama. Kocha akapiga makofi wakatoka.

Kip hakuwa na siri ya kutunza. Mpira wake wa kwanza ulikwenda moja kwa moja katikati ya uwanja, mzuri, umezunguka vizuri hewani, na Royce akauinulia mikono. Aliuona unafika. Aliuona unagusa viganja. Vidole vilitakiwa kufunga, na hakuna aliyeviambia. Mpira ukaanguka majanini, na hapo hapo bega la jitu la Tulven likapita karibu na sikio lake, karibu sana hata akausikia upepo wake. Beki alikuwa amekosea hatua tu. Jukwaa lote likatoa pumzi kwa pamoja.

"Samahani, kaka," Kip alisema, ingawa kosa halikuwa lake. "Nitaushusha kidogo."

Kutoka pembeni kocha akaashiria: rudieni. Ile ile.

Walipojikusanya kwenye duara Royce alitazama nje, juu ya vichwa vya wenzake. Abel alikuwa amesimama peke yake kwenye mstari, taulo shingoni. Nyuma yake, kwenye uzio, wanaume wawili walikuwa wakimwambia mambo mgongoni, na mmoja wao alikuwa Hoyt. Abel hakuwageukia. Wala hakuwa akimtazama Royce. Alikuwa anamtazama yule beki, hatua kwa hatua, kila aliposogea, kama mchungaji anavyomtazama mbwa wa jirani. Wamemnyang'anya mpira, hana tena cha kuzuia, na bado yuko kazini.

Royce hakuhisi moyo wake ukibadilika. Aliona tu kwamba miguu yake imetoka kwenye duara na inatembea.

"Tidwell!" kocha aliita. "Unakwenda wapi? Tidwell!"

Mwamuzi akapuliza kipenga. Royce akampita kocha, akampita Abel, akasimama mbele ya sanduku la barafu. Alijaribu kufungua kamba ya kidevuni. Vidole viliteleza, vikajaribu tena, vikateleza.

"Nifungulie, Bi Nolene," alisema. "Halafu kaa nayo."

Bi Nolene hakuuliza swali. Alifungua kamba, akaivua helmeti taratibu kwa mikono yote miwili, akampa vidole vyake viwili kila upande.

"Nibane."

"Nimebana."

"Nibane kwa nguvu zako zote, mwanangu."

"Ndiyo nabana."

Akaacha kutafuna. Alimwambia asigeuze shingo, asiiname, asimtazame mtu yeyote ila yeye. Akainua mkono juu, na nyuma ya goli taa za gari la wagonjwa zikaanza kuzunguka. Kisha akaitumbukiza helmeti kwenye barafu, akafunga kifuniko kwa goti.

Uwanjani kocha alikuwa amebaki bila mpokeaji hata mmoja, kwa hiyo Abel alirudishwa, maana kukabidhi mpira alijua. Alipoingia, jukwaa lilimzomea. Royce alizisikia zomeo zote akiwa ameketi wima, kola ngumu imefungwa shingoni, macho yameelekezwa mbele kama ya sanamu. Aliona ubao wa matokeo, na kipande cha mbingu, na baadaye kofia ya baba yake ikishuka ngazi.

Wendell alifika akihema. Mgeni wa Abilene alikuwa amebaki juu.

"Helmeti yako iko wapi?"

"Nimeitoa, baba."

"Umeitoa wewe?"

"Vidole vimekufa. Tangu Septemba." Hakuweza kugeuka kumtazama, kwa hiyo aliuambia ubao wa matokeo. "Abel alijua. Ndiyo maana hakunirushia. Nilimwapisha asiseme."

Uwanjani Abel aliukabidhi mpira, mkimbiaji akaugonga ukuta, na mtu juu akapiga kelele kwamba kijana apewe fimbo ya kipofu. Wendell akageuka kuelekea jukwaani kana kwamba angemjibu mtu yule, kisha akaghairi. Walikuwa wengi mno, na wiki nzima mwenyewe alikuwa amekaa nao meza moja.

Akachuchumaa mbele ya mwanawe, ndani ya upeo wa macho yake. Royce alimwona akinyoosha mkono, ule mkono wa kwenye picha ya kinyozi, akauchukua wa kwake kutoka gotini. Aliona mishipa ikisimama juu ya kiganja cha baba yake, kucha zikiwa nyeupe kwa kubana. Akajua ameshikwa kwa sababu aliona.