Mafuta ya Kondoo

Kompyuta ya marehemu Sitonik iligoma kuwaka. Taa ya kijani ilichungulia, ikafa.

Fundi Emilian aliinamia kitako cha kompyuta hiyo, kile kibao kizito ambacho kompyuta mpakato za zamani hukalishwa juu yake zipate umeme. Meno ya shaba yalikuwa yamezama kwenye kitu cheupe. Akanusa.

"Hiki nini?"

"Mafuta ya kondoo," alisema Namelok, binti wa marehemu. "Baba alipaka mkuki wake, haukushika kutu. Na mimi nikapaka."

"Kompyuta siyo mkuki, mama."

"Na wewe siyo daktari. Washa."

Emilian aliichomoa kwenye kitako, akaipa umeme moja kwa moja. Feni ikakohoa. Kioo kikapata mwanga. Namelok akamwonyesha pa kubonyeza, na sauti ya mzee ikajaa kibanda, akiwaita ng'ombe wake jina kwa jina kama jioni kule Endulen. Alipofika kwa fahali mweusi alikohoa, akaendelea. Namelok akaziba mdomo kwa shuka.

"Majina haya hayapo kwingine," alisema.

"Nitakuhamishia kwenye flashi. Ila tundu la flashi la pembeni mwa kompyuta limevunjika, zima ni la kitako. Niachie mpaka kesho niyasafishe meno yote."

"Kesho? Gari linaondoka sasa hivi. Geti la hifadhi likifungwa nilale wapi, kwako? Mkeo atanipokea?"

"Atakupokea na mwiko."

Wakacheka, na katika kicheko hicho Emilian akakubali. Safu ya juu aliisugua kwa mswaki na spiriti mpaka ikang'aa. Nje dereva akapiga honi. Safu ya chini akaipitishia kitambaa tu. Chini ya mafuta kulikuwa na jino lililopinda, limemlalia jirani yake. Hakuliona.

Akaikalisha kompyuta. Pa! Moshi.

Aliifungua, akatoa diski, akaijaribu kwenye mashine yake. Kimya. Akarudia. Kimya.

"Sema," alisema Namelok.

"Imeungua."

"Ungekataa."

"Nilikwambia kesho."

"Halafu ukakubali."

Akatoka bila kuaga, bila kubeba chochote.

Emilian alichukua sindano, akachokonoa mafuta ya safu ya chini, akalinyoosha lile jino taratibu. Akachomeka waya. Taa ya kitako ikawaka, ikatulia.

Kitako kilikuwa kizima. Vilivyoungua ni sauti ya Sitonik, majina ya ng'ombe wake, na kile kikohozi kabla ya fahali mweusi.