Buti za Kipande cha Sita

Siku ya tatu ya safari, saa nne asubuhi, binti alikaa chini katikati ya njia akasema hainuki tena.

Baba yake alikuwa hatua kumi mbele. Aligeuka akicheka, akidhani ni utani. Kugoma njiani kwao hakukuwa jambo geni. Yeye mwenyewe, kwenye kipande cha pili cha njia hii, mteremko ulipomla magoti, alikalia begi lake akatangaza kwamba amehamia pale pale, anayemtaka amfuate huko. Kwa hiyo akamwambia binti, "Sawa, mama, nikuletee na mto?"

Binti hakucheka. Midomo ilikuwa imemkauka, na alikuwa anatetemeka ilhali jua linawaka.

"Baba, mguu," alisema. "Huu wa kulia. Siuwezi tena."

Sasa niseme baba huyu alikuwa nani, maana bila hivyo huwezi kuelewa kwa nini aibu ilimshika kabla hata ya woga. Alikuwa fundi viatu. Tena si wa kubahatisha. Chumba chake cha kazi kilikuwa chembamba kama kabati, pembeni ya duka la madaftari, na humo alikuwa ametengeneza viatu vya mtaa mzima kwa miaka ishirini na mbili. Watu walimwita Fundi Soli. Ukimpa kiatu kilicholika kisigino atakueleza unatembeaje, bega lipi umezoea kubebea mzigo, na kama una haraka ya bure. Majigambo alikuwa nayo, ila kazi yake iliyaunga mkono.

Mkewe alifariki binti akiwa na miaka kumi na mmoja, na mtoto akawa bubu wa kujitakia. Nyumbani ilikuwa ndiyo, hapana, shikamoo, basi. Fundi akasikia habari za njia ndefu ya miguu inayokatiza milima, mwendo wa siku arobaini kwa mwenye nafasi hiyo. Yeye hakuwa nayo. Alichoweza ni kufunga chumba siku tano kila likizo ndefu ya shule. Basi wakaikata njia vipande vipande: wanapanda basi hadi walipoishia, wanatembea siku tano, wanarudi. Na kumbe mtoto alikuwa na maneno! Kule juu alisimulia yote: walimu, marafiki, ndoto, hata mvulana fulani wa kidato cha pili ambaye fundi alijikaza kisabuni asimuulize jina. Kwa ajili ya maneno hayo fundi angetembea hadi mwisho wa dunia.

Hiki kilikuwa kipande cha sita, binti ana miaka kumi na minne, na kwa kipande hiki fundi alimshonea buti kwa mkono wake. Alikesha nazo mwezi mzima. Na hapo ndipo alipoharibu. Mteja yeyote akiingia kwake, hata bibi wa miaka themanini ambaye mguu wake uliacha kukua zamani, alikanyagishwa karatasi na kuchorwa upya. Ndiyo ilikuwa sheria ya chumba. Binti hakuchorwa. Fundi alitaka kumshtukiza, akatumia kalibu ya mti, mfano wa mguu wake aliouchonga mwaka uliopita, akijiambia, "Mguu wa mwanangu nitaukosea mimi?"

Siku alipomvalisha alibonyeza mbele kwa kidole gumba, kama anavyofanya siku zote, akakuta nafasi. Binti akasema, "Zimenitosha, baba. Nzuri sana." Fundi akafurahi kama mtoto. Akamwamuru azivae nyumbani wiki mbili ngozi ilainike, na yule mtoto akazivaa, akaosha vyombo nazo, akafagia nazo, majirani wakacheka.

Basi pale njiani fundi alipiga magoti akafungua kamba, akavuta. Buti haikutoka. Akavuta tena, binti akapiga yowe lililomfanya aachie kama kashika kaa la moto. Mguu ulikuwa umevimba ukaijaza buti yote. Akachomoa kisu chake cha kukatia ngozi, kile asichokosa kutembea nacho, akaanza kukata.

Uzi aliushona mara mbili, akaupaka nta, makusudi usikatike. Haukukatika. Alikuwa anaukata mshono mmoja, anafuta jasho, anakata mwingine, huku akiilaani mikono yake. Ngozi ilipoachia, harufu ilimfika kabla hajaona kitu. Kidole gumba kilikuwa cheusi, ukucha umeelea kwenye usaha, na mstari mwekundu umepanda kutoka kwenye mguu hadi karibu na goti.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu nyumbani. Wiki ya kwanza."

"Mungu wangu! Lakini mimi nilibonyeza, nafasi ilikuwepo!"

"Nilikunja vidole, baba."

"Kwa nini hukuniambia?"

Binti akaangalia pembeni. "Ulikuwa umefurahi sana."

Simu haikuwa na mtandao, barabara ilikuwa nusu siku kwa mwenye miguu mizima. Akatupa mabegi kichakani, akambeba binti mgongoni. Miaka ishirini na mbili ya kuinama juu ya kigoda ilikuwa imeumaliza mgongo ule. Alihesabu hatua mia mbili, magoti yakakataa, wakaanguka wote wawili, na binti akaupiga ule mguu kwenye jiwe. Hakulia hata. Alifumba macho tu, na kunyamaza huko kulimtisha fundi kuliko yowe la mwanzo.

"Niache hapa, ukaite watu," binti alinong'ona.

"Sikuachi."

"Basi tutafanyaje?"

Alikaa akiwa amemkumbatia, homa ya mtoto inapenya hadi kwenye shati lake, akapiga kelele za kuomba msaada mpaka sauti ikakwama. Aende, asiende? Kila alipoinuka alikaa tena. Saa nzima ilipotea hivyo, na hiyo saa hajajisamehe mpaka leo.

Aliyewakuta ni mlinzi wa msitu aliyekuwa akifanya doria na pikipiki. Mtu wa maneno machache. Aliangalia mguu mara moja akasema, "Huyu ni wa hospitali sasa hivi. Pikipiki inabeba mmoja."

"Nitajibana nyuma."

"Mzee, kwa mteremko ule tutakufa wote watatu. Nipe namba yako."

Wakamfunga binti kiunoni mwa mlinzi kwa mkanda wa begi la mlinzi. Fundi mwenyewe ndiye aliyekaza fundo, akalijaribu, akalikaza tena. Pikipiki ikaondoka, kichwa cha binti kimelalia mgongo wa mtu asiyemjua.

Fundi akatembea. Alikimbia penye tambarare, akachechemea penye mawe. Saa tisa alasiri, alipofika juu ya kilima kilichokuwa wazi, simu ikalia mfukoni.

"Wewe ndiye baba wa msichana wa mguu?" Alikuwa muuguzi. "Simama hapo ulipo, unakatika. Daktari anataka kuongea nawe."

Akasimama. Alipopiga hatua moja mbele, sauti ikapotea. Aliporudi nyuma, ikarudi. Daktari hakuzunguka. Kidole kimekufa. Sumu inapanda. Kinatakiwa kuondolewa sasa hivi, na mzazi lazima akubali.

"Nisubirini. Nakuja. Saa mbili tu."

"Tukikusubiri, hatutakuwa tunazungumzia kidole tena. Tutakuwa tunazungumzia mguu. Unakubali?"

Chini, mbali sana, aliona mabati ya mji yanang'aa, na hospitali ilikuwa mojawapo ya mabati hayo, hakujua lipi.

"Nakubali," alisema. "Nipeni mwanangu niongee naye."

Kukawa na vishindo, kitu cha chuma kikaburutwa, halafu pumzi yake.

"Baba? Usijali. Siumwi sana."

Fundi aliishika simu kwa mikono yote miwili.

"Mama, sikiliza. Mimi sijafurahi hapa. Huna furaha ya kunilindia. Niambie ukweli. Inauma?"

Fundi akadhani mtandao umekatika, akaitazama simu, mstari mmoja bado upo. Ndipo sauti ya mtoto ikapasuka.

"Inauma, baba! Inauma sana! Njoo! Siwezi, baba, njoo!"

Na fundi, aliyejua kwamba akipiga hatua moja tu kumwendea ataipoteza sauti yake, alisimama pale pale juu ya kilima, akisema, "Nipo, mama, nipo, nipo," mpaka muuguzi alipoichukua simu akasema wanampeleka ndani.